Baba anataka tukimbie wote kilomita 21, lakini anaruka kidonge cha presha

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Dar es Salaam. Baba ana miaka 61, amestaafu mwaka jana, na ameniomba tukimbie pamoja nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, Moshi. Yeye ni mtu wa dawa ya presha. Mimi kilomita 21 namaliza kwa saa mbili na dakika sita hivi. Baba kilomita 10 zinamchukua saa moja na dakika 20. Nikimsubiri anakasirika, anasema nisimfanye mgonjwa. Nikienda kasi yangu ananifukuza mpaka anakosa pumzi. Majuzi nimegundua kwamba kila Jumamosi, siku yetu ya mbio ndefu, hanywi kidonge kwa sababu kinamtafutisha choo njiani. Amenikataza nisimwambie mama. Kaka anasema nikimbie zangu, tutaonana mwisho. Nifanye nini?*
*Binti wa Tabata*

Marahaba, binti yangu. Tuanze na kidonge, mengine yote yanaweza kusubiri.

Presha haimngoji mtu amalize mazoezi ndipo irudi. Baba anapoacha dawa siku hiyohiyo anayokimbia saa mbili juani, anauondoa ulinzi saa ambayo moyo unafanya kazi kuliko siku nyingine yoyote ya wiki. Lakini na yeye ana hoja. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini kupitia mkojo, na mtu akiimeza alfajiri kisha akaingia barabarani atatafuta choo kweli. Tena mkojo ule ukikutana na jasho la Dar, maji na chumvi vinapungua kwa pamoja, na kizunguzungu kinaweza kuja hata mtu akikimbia taratibu. Kwa hiyo asilazimishwe tu kumeza. Aende kliniki akamwambie daktari maneno haya haya: nakimbia Jumamosi asubuhi, dawa inanisumbua, nimekuwa nikiiruka. Daktari anaweza kuhamisha saa ya kuimeza au kubadilisha dawa yenyewe. Asijipangie mwenyewe, maana vidonge vingine vina dawa mbili ndani ya kimoja, na akiruka kimoja ameruka zote.

Kabla ya kwenda, apime presha nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni: akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Aandike kwenye daftari na kwenda nalo. Aombe pia kuangaliwa umeme wa moyo na figo. Kama mojawapo ya dawa zake ni atenolol au bisoprolol, jueni kwamba dawa hizo huzuia mapigo ya moyo yasipande, hivyo saa ya mkononi itaonyesha mapigo ya chini hata akiwa amechoka hoi. Msiiamini. Kipimo chake kiwe maongezi: anapokimbia aweze kukujibu sentensi nzima bila kukata pumzi. Asubuhi ambayo presha inasoma 180/110 au zaidi, hakuna mbio siku hiyo, mpigieni daktari.

Sasa hiyo siri. Kwa mama usianze, kwa sababu baba ataona umemshitaki na mlango utafungwa. Anza na yeye mwenyewe, siku ya kawaida, mmekaa wawili, si Jumamosi barabarani anapohema. Mwambie: "Baba, mimi nataka kukimbia na wewe, ndiyo maana sitakimbia na wewe bila daktari kujua habari ya kidonge. Twende wote kliniki." Mpe tarehe. Tarehe ikipita hajaenda, mwambie kwamba hujisajili, na kwamba mama akiuliza sababu hutamdanganya. Ni maneno mazito kwa mtoto kumwambia mzazi, najua. Yaseme kwa heshima, lakini yaseme yote.

Daktari akikubali, ndipo tuje kwenye kasi. Kilomita 10 kwa dakika 80 ni dakika 8 kwa kilomita. Kasi hiyo haidumu mpaka 21. Mtu wa kiwango hicho, kwenye njia tambarare, humaliza kwa karibu saa tatu kasoro dakika chache. Na Moshi si tambarare. Mnatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kisha njia inapanda kuelekea Mweka kwa kilomita nyingi kabla ya kugeuka na kuteremka. Pangeni saa tatu na dakika kumi, na kabla ya kulipia someni kwenye tangazo la waandaaji njia inafungwa saa ngapi.

Kaka yako anakupa ushauri ambao ungefaa watu wawili wenye afya na kasi zinazokaribiana. Kwenu haufai. Baba anakufukuza hata kwenye mazoezi. Siku ya mbio, na ngoma zinapigwa, atakufukuza kilomita tatu za kwanza, kisha abaki peke yake kwenye mlima jua likiwa limepanda. Mwaka huu kimbia mbio zake. Kasi yako itunze Jumanne na Alhamisi ukikimbia mwenyewe, na utafute mbio nyingine ambazo utazikimbia kwa ajili yako. Hilo nalo mwambie waziwazi, asije akahisi anakuonea wala wewe usije ukanuna kilomita ya 15.

Kuhusu kukasirika kwake unapomsubiri: tatizo huenda ni namna unavyosubiri. Mkimbiaji mwenye kasi akikaa nusu hatua mbele, mwenzake anavutwa bila kujua, na akisimama mbele na kugeuka nyuma, anamwaibisha. Wewe kaa nyuma ya bega lake kwa nusu hatua, upande wa magari. Yeye ndiye aongoze. Kisha mpunguze ubishi kwa kutumia saa: kimbieni dakika nne, tembeeni moja, tangu dakika ya kwanza kabla hajachoka. Mpango huu wa kuchanganya ulienezwa na Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, kwa hiyo si mpango wa wagonjwa. Mwambie baba hivyo. Kwenye mpando punguzeni iwe dakika mbili kwa moja. Saa ikilia mnatembea wote, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Hukuniambia zimebaki wiki ngapi. Mbio huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kutoka kilomita 10 mnahitaji wiki 14: mbio ndefu iongezeke kilomita moja kila wiki, kila wiki ya nne irudi chini, mfike 18, kisha wiki tatu za mwisho mpunguze. Siku tatu kwa wiki zinamtosha baba. Zikibaki chini ya wiki kumi, mwaka huu chukueni zile za kilomita 5 hukohuko Moshi, mfike 21 mwaka unaofuata.

Wakazi wa Dar wanaokwenda Moshi hujiandaa kupanda wakasahau kushuka. Kushuka ndiko kunakoumiza: misuli ya mbele ya mapaja inajikaza huku inavutwa, na goti linapokea uzito kila hatua. Tafuteni vilima vya Goba au Pugu mara moja kwa wiki. Pandeni kwa kutembea haraka, mshuke kwa hatua fupi fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili, si mbele yake. Kwa mara ya kwanza mizunguko minne inatosha. Kesho yake atashuka ngazi kwa kushika ukuta, na hiyo ni kawaida. Goti likivimba, si kawaida.

Viatu vyake viangalie wewe. Kama ni vya mtumba, viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, hakifai. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu panang'aa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitageuka nyeusi kwenye mteremko. Mafuta mazito ya kujipaka yapite mapajani, kwapani na kwenye chuchu.

Siku yenyewe, chai na mkate au ndizi saa mbili na nusu hadi tatu kabla. Njiani ndizi moja kila baada ya dakika 45 hivi, na maji kwa kadiri ya kiu. Asilazimishe chupa nzima kila kituo. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari kwake zaidi. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi hiyo, kwa sababu pamoja na dawa ya presha na jasho zinaelemea figo. Na mkubaliane mapema kwamba kifua kikimbana, akiona kiza, au akianza kujibu ovyo, mnasimama wote na unaita gari la wagonjwa. Uamuzi huo ni wako, na aukubali akiwa amekaa kwenye kochi.

Mbio ni Jumapili. Msikate tiketi ya basi la jioni hiyo kurudi Dar. Kukaa kwenye kiti zaidi ya kilomita 500 miguu ikiwa imevimba ni kumtesa. Laleni Moshi, Jumatatu asubuhi atembee dakika 20, anywe dawa yake, mpime presha, ndipo muondoke.