Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: mahali vikundi vinapoangukia

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mtu anayeanza biashara bila nyumba wala kiwanja cha kuweka dhamana, sijui mlango mwingine wa serikali ulio karibu naye kuliko huu. Ndiyo maana inauma kuona vikundi vyenye kazi nzuri vikikwama kwa mambo yanayozuilika.

Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, huku kukiwa na hoja za ukaguzi kuhusu fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10, zikiwemo Jiji la Dar es Salaam, Jiji la Dodoma na Manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, zilipangwa kupitisha fedha hizo benki kwa majaribio. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ni hili: hapa kwetu fedha zinatolewa na halmashauri yenyewe au na benki? Usitegemee maelezo ya ndugu aliyekopa wilaya nyingine, au aliyekopa kabla ya 2023.

Kikundi cha wanawake au vijana kinahitaji watu wasiopungua watano. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Tafuteni watu kabla ya kutafuta wazo la biashara, kwa sababu deni ni la kikundi: mmoja akihamia mkoa mwingine, wanaobaki ndio watakaolipa. Jirani mnayefahamiana naye na anayehudhuria vikao ni bora kuliko rafiki mwenye maneno mengi anayeishi mbali. Aliye na ajira rasmi msimwingize kujaza idadi. Majina yanahakikiwa, na jina moja lenye dosari hukwamisha ombi zima.

Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo wenye saini za wote, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na andiko la mradi. Kagueni herufi kwa herufi. Cheti kikiandikwa "Tumaini Group" na akaunti ikasomeka "Kikundi cha Tumaini", mnarudishwa, na marekebisho ya benki hula wiki kadhaa.

Andiko la mradi ndilo linaloamua. Vikundi vingi huandika faida ya mwaka na kusahau tarehe. Chukua mfano wa kuku wa nyama. Vifaranga 300 watakula karibu tani moja ya chakula hadi wiki ya sita, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Hesabu vifo vya asilimia 5, ubaki na kuku 285 wa kuuza. Fedha ya kwanza inaingia wiki ya tano au ya sita, na sehemu yake kubwa lazima irudi kununua vifaranga na chakula cha awamu ya pili. Sasa weka marejesho: mkopo wa shilingi milioni 5 kwa miezi 12 ni 416,667 kila mwezi. Rejesho likianza mwezi wa kwanza, mtalilipa kwa fedha ya chakula, kuku watadumaa, na bei sokoni itashuka. Ombeni ratiba ianze baada ya mauzo ya kwanza, na hakikisheni imeandikwa ndani ya mkataba kabla ya kusaini. Ahadi ya mdomo ya afisa haitawasaidia akihamishwa.

Ambatisheni proforma, yaani hati za makadirio ya bei za sasa kutoka kwa wauzaji. Ombeni kiasi ambacho proforma zinakithibitisha, pamoja na fedha ya kuendeshea awamu moja kamili. Wanaonunua mashine kwa mkopo wote hukosa hata umeme wa kuiwasha.

Fedha ikiingia, msigawane. Milioni 5 kwa watu watano ni milioni moja moja, na mwezi wa tatu kila mtu ana sababu yake ya kutolipa. Wakaguzi wakija watatafuta mradi mliouandika, hawatautafuta mtaji uliotawanyika kwenye magenge matano.

Jambo la muda nalo: asilimia 10 hutokana na makusanyo, na halmashauri yenye makusanyo kidogo ina fungu dogo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, basi nyaraka ziwe tayari kabla ya hapo. Mkishindwa rejesho moja, pelekeni barua kwa afisa wa kata wiki hiyo hiyo, wekeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na ambatisheni daftari la mauzo linaloonyesha kilichotokea.