Anza na Daraja Moja: Ushauri kwa Mnaoota Kuunda Gemu za Uhalisia Pepe

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji kuhusu uhalisia pepe (VR), yaani ule ulimwengu wa kompyuta unaojiona umo ndani yake ukivaa miwani maalumu. "Shikamoo dada. Wiki iliyopita nilivaa miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza. Nilishika upinde, nikavuta kamba, nikajikuta nalia. Nimeshakata shauri, nataka kutengeneza gemu ya kuigiza wahusika humo ndani, ulimwengu mzima wenye miji na bahari na wachezaji maelfu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na ile ya tatu ilibidi niweke simu chini kwanza. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo, mmeificha tu.

Mimi pia nililia. Kwangu ilikuwa fimbo ya kichawi, ndani ya OrbusVR, gemu iliyoanza kupokea wachezaji Desemba 2017. Nilichagua kuwa mchawi wa ile aina inayochora alama hewani. Kwenye gemu za skrini uchawi ni kitufe tu, unabonyeza na moto unatoka. Humo ni mkono wako wenyewe unaochora umbo, na ukikosea mstari hakitokei kitu, na jitu limeshakufikia. Nilishindwa usiku kucha. Nikawa nachora alama zile hewani nikiwa nimelala kitandani, nikiwa napiga mswaki, nikiwa nasubiri maji yachemke. Siku ya nne au ya tano, macho yangu yakiwa kwa adui, mkono ulichora wenyewe. Moto ukatoka, na mwenzetu aliyekuwa amebakiza pumzi moja akanusurika.

Nilivua miwani nikakaa sakafuni. Nimecheza gemu za kuigiza wahusika tangu nikiwa msichana mdogo, nimekuwa mchawi mara nyingi mno, lakini siku zote uchawi wangu ulikuwa namba iliyoandikwa kando ya jina. Siku ile ulikuwa kwenye misuli ya mkono wangu. Niliupata kwa jasho na hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Mniruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hawaelewi uhalisia pepe umebadilisha nini. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mwaka 1974, kila mhusika alipewa namba za nguvu, wepesi, hekima na kadhalika, kisha dadu likaamua yaliyobaki. Mchezaji amekaa mezani, mwili wake haumo ndani ya pango la hadithi, basi namba zinausimamia. Mwaka 1978, pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle wakaanzisha MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa walikutana kwa kompyuta. Zikaja gemu za mtandaoni, Ultima Online mwaka 1997 na World of Warcraft mwaka 2004, picha zikapendeza, miji ikajaa watu, na bado mwili ulikuwa kitini. Miwani ndiyo imeuingiza mwili pangoni. Na mwili ukishaingia, namba zinaanza kugombana nao. Nilipocheza gemu ya Skyrim katika toleo lake la uhalisia pepe la mwaka 2017 niliupenda ule upana, nilisimama juu ya milima ile nikasahau kula. Lakini upanga wangu haukuwa na uzito. Nilikuwa natikisa kifundo cha mkono tu na shujaa wa vita anaanguka. Mkono wangu ulijua kwamba haujafanya kazi yoyote, na moyo nao ukajua.

Haya yote niliyajua kabla sijaanza kutengeneza ya kwangu. Niliyajua, na bado nikafanya kosa lile lile unalotaka kulifanya wewe.

Tulikuwa watatu. Mmoja alichora, mmoja aliandika programu, mimi nilibuni hadithi na kanuni na kuwaamsha wenzangu walipochoka. Kwa miezi 14 tulijenga ulimwengu wenye miji saba. Nakumbuka kila mji kwa jina, na kila soko, na historia ya kila ukoo ulioishi humo. Nilikuwa nimeandika vita vya miaka mia tatu ambavyo hakuna mchezaji ambaye angeviona. Siwachoshi kwa kuwasimulia miezi hiyo. Ilikuwa kazi, usingizi kidogo, na kazi tena.

Siku ya kwanza ya kujaribu tulialika watu 11. Robo saa haijaisha, sita walikuwa wamevua miwani. Mmoja alikimbilia bafuni kutapika. Mwingine alikaa kimya ameshika kichwa, na nilipomuuliza mji ule ameuonaje akaniambia, "Mji gani?" Miezi 14 ya maisha yangu, na mtu ananiuliza mji gani.

Kilichotokea kinaeleweka kirahisi, ukishaumia. Tuliwatembeza wachezaji kwa kijiti cha kidole gumba, mtelezo mmoja laini, kama tunavyozoea kwenye skrini. Macho yanaambiwa unakwenda, sikio la ndani, lile linalosimamia mizani ya mwili, linasema umesimama palepale, na ubongo unapopata habari mbili zinazopingana tumbo ndilo linalolipa. Juu ya hilo ulimwengu wetu ulikuwa mzito mno kwa kompyuta, na picha zikipungua kichwa kinazidi kuzunguka. Miwani za Oculus Rift na HTC Vive za mwaka 2016 zilikuwa zinaonyesha picha 90 kwa sekunde, na hata Oculus Quest ya kwanza ya mwaka 2019, ambayo haikuhitaji kompyuta, ilionyesha 72. Sisi, kwa sababu ya miji yetu saba, tulikuwa tunashuka hadi 45 kila mtu alipogeuza shingo. Dawa zake zilishajulikana kitambo: kumrusha mchezaji kutoka mahali hadi mahali badala ya kumtelezesha, kufinya kingo za anachokiona anapotembea, kumgeuza kwa hatua badala ya mzunguko. Na ipo nyingine ninayoipenda kuliko zote, ya kumwacha ajivute kwa mikono yake. Mtu anayepanda jabali kwa kushika na kuvuta huwa hapati kizunguzungu sana, maana mwendo ameuanzisha mwenyewe.

Tungeweza kurekebisha. Nilitaka turekebishe. Lakini wiki tatu baadaye mmoja wetu aliondoka bila kuaga, na miezi michache baada ya hapo nikaona picha za gemu nyingine zenye mji wangu wa tatu, na mnara wangu, na ule mlango wa buluu nilioubuni nikimfikiria marehemu bibi yangu. Hakuna aliyenipigia simu. Mpaka leo sijapata hata salamu. Nimesamehe, nadhani nimesamehe, ila mlango ule nikiukumbuka bado kifua kinabana. Basi ndugu zangu, andikianeni mapema nani ni mwenye nini. Andikianeni mkiwa bado mnacheka pamoja.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa chochote.

Kilichonirudisha ni meza. Rafiki alinialika kwenye Demeo, gemu ya uhalisia pepe iliyotoka mwaka 2021, ambamo watu hadi wanne wanazunguka ubao wenye vinyago na kadi na dadu, kama ule mchezo wa mwaka 1974 umepata uhai. Hakuna milima, hakuna bahari. Tulicheka saa tatu nzima. Na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nilikuwa natazama zaidi mikono ya wenzangu: mmoja anainamia ubao akisita, mwingine anashikilia kadi hewani bila kuiweka, na mimi najua kabisa kwamba anaogopa. Vifaa vile vinafuatilia vitu vitatu tu, kichwa na mikono miwili. Miguu inakisiwa au inaachwa kabisa. Vitu vitatu, na bado nilimtambua rafiki yangu kwa namna anavyoinamisha shingo.

Nikaanza upya peke yangu. Safari hii nilijenga daraja moja, mto chini yake, kibanda cha mlinzi, na taa ya mkononi. Basi. Wachezaji wanne, na mlinzi wa daraja nikamwigiza mimi mwenyewe, moja kwa moja, kwa sauti yangu. Kanuni ilikuwa moja: kila unachoweza kukishika lazima kikujibu. Ukiinua taa, kivuli kinasogea. Ukigonga mbao, zinalia. Ukimwinamia mlinzi, mlinzi anakuona.

Katika kundi lile alikuwepo dada mmoja mkimya sana. Tulipokuwa tunapanga kwa sauti kabla ya kuingia hakutamka hata neno, nikadhani amelazimishwa kuja. Humo ndani mhusika wake alikuwa msafiri anayemtafuta kaka yake. Wenzake walikuwa wananibembeleza niwape ufunguo, wananitisha, wananipigia kelele. Yeye akasogea polepole, akainua taa mpaka karibu na uso wangu, akaituliza hapo, kisha akaishusha ili isiniumize macho. Akapiga goti. Hakusema lolote. Mkono wangu ukatoa ufunguo kabla sijaamua kuutoa.

Nimesimulia tukio hili mara nyingi na kila mara nasisimka. Kwa mtu mkimya, mchezo wa mezani unadai maneno na mchezo wa skrini unadai vidole vyepesi. Hapa alipata kuigiza kwa mwili wake, na alikuwa bora kuliko sisi sote. Tumecheza naye mara 20 na zaidi tangu hapo. Siku hizi anaongea, na kucheka anacheka kwa sauti.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha mwaka 2007 kwamba watu waliopewa miili mirefu katika uhalisia pepe walijadiliana kwa ujasiri zaidi kuliko waliopewa mifupi. Mwili unaovaa unabadilisha namna unavyotenda. Naye Mel Slater, katika andiko lake la mwaka 2009, alitenganisha hisia mbili: ile ya kuwa umefika mahali, na ile ya kuamini kwamba yanayotokea hapo yanatokea kweli. Nilipomsoma nilijipiga paji la uso. Miji yangu saba ilikuwa imejitahidi kwenye ile ya kwanza na kuisahau kabisa ya pili. Raia wangu walisimama masokoni kama sanamu. Ungeweza kuwapungia mkono mpaka jioni na hakuna anayegeuka. Mlinzi wa daraja aligeuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wote mnaosoma mkiwa na ramani kubwa kwenye daftari: acheni kuabudu ramani. Ulimwengu wa wachezaji maelfu unahitaji seva, yaani kompyuta za kuuendesha mtandaoni, za kulipia kila mwezi na watu wa kuujaza kila saa, na wenye miwani bado ni wachache ukilinganisha na wenye simu. Zenith, gemu ya namna hiyo iliyofunguliwa Januari 2022 ikiwa na kupanda majabali na kupaa angani ambako mimi mwenyewe nilikufurahia mno, ilikuwa na timu nzima na wachezaji wengi siku za mwanzo, na bado mwaka 2024 waundaji wake walitangaza kuacha kuiendeleza. Nilihuzunika kama nimehama nyumba. Kama hao walielemewa, wewe na rafiki zako wawili mtabeba vipi?

Anza na kitu kimoja ambacho mkono unakifanya. Kimoja. Kifanye kiwe kitamu mpaka mtu akirudie bila sababu, kama mimi na alama zangu kitandani. Kisha waingize watu, mapema, kabla hujapenda mno ulichojenga, na uwatazame miili yao badala ya kusikiliza sifa zao. Anayesema "nzuri sana" huku anajishika tumbo amekuambia ukweli kwa tumbo. Kisha ongeza kitu cha pili. Na usiogope kuwa mlinzi wa daraja wewe mwenyewe, uigize, upoteze sauti. Mtu mmoja anayejibu kweli anajaza nafasi ambayo miji saba haikuijaza. Najua haya yanasikika madogo mbele ya ndoto yako. Mimi niliyaona madogo pia, na yalinigharimu miezi 14, rafiki, na mlango wa buluu.

Ujumbe wako unasema ulivuta kamba ya upinde ukalia. Basi jenga upinde huo. Usijenge msitu bado. Nitumie video ya mkono wako ukiuvuta, hata kama nyuma yake kuna ukuta mtupu wa kijivu, nami nitaitazama usiku huohuo.

Sisi Jumamosi tunarudi darajani. Yule dada ameniuliza zaidi ya mara moja kuna nini ng'ambo ya pili, nami nimekuwa nikimjibu kwa sauti ya mlinzi kwamba hakuna aliyewahi kurudi kusimulia. Wiki hii nimemaliza kujenga hatua kumi za mwanzo za njia ile, na mwishoni mwake nimeweka kiatu kimoja cha kiume, kimelowa, ambacho anaweza kukiokota.