Mnyama Hakungoji Umchore

Nimezoea kuchora sura za watu na kazi zangu zinasifiwa. Nikigusa wanyama, wanatoka kama vikaragosi, wala sioni raha. Wachoraji wengine hawataki kuchora kingine. Mapenzi hayo huyapata wapi?

Wengi wao hawakuanza na mapenzi. Walianza na mnyama aliyekuwa karibu, wakamchora vibaya, wakarudi. Mtu unamwambia atulie dakika ishirini naye anatulia. Paka anainuka na kwenda zake. Hapo unalazimika kutazama kwa makini kuliko ulivyozoea, na utamu umo humo humo katika kutazama.

Chagua mnyama mmoja tu unayemwona kila siku, uanze naye akiwa amelala. Tumia karatasi kubwa na penseli ya 2B (laini, yenye weusi wa kiasi), michoro kumi, kila mmoja sekunde 30. Anza na mstari mmoja kutoka kichwani hadi mkiani, ukifuata uti wa mgongo. Weka duara la bega na la nyonga, miguu ije mwisho. Macho yaache kabisa. Anayeanza na macho hujikuta na jicho zuri lililobandikwa kwenye gunia.

Akiamka usifute. Acha mchoro ulipofikia, anza mwingine pembeni yake. Wanyama hurudia mikao yao: kuku anayedonoa atainua shingo, kisha atainama tena vilevile. Akirudi kwenye mkao wa kwanza, nawe rudi kwenye mchoro wa kwanza. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na michoro sita inayokua kwa zamu. Kwa kawaida uchoshi huisha hapo, maana umeshaanza kubashiri atakachofanya.

Miguu ya nyuma ya mbwa wangu huonekana imevunjika. Nakosea wapi?

Unakosea goti. Kile kifundo kinachochomoza nyuma, katikati ya mguu, unakichukulia kuwa ni goti lililogeuzwa. Ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linakunjika kuelekea mbele kama lako. Simama kwa ncha za vidole, kunja magoti kidogo, utapata mguu wa mbwa. Kama mbwa anakuzoea, pitisha vidole taratibu kutoka nyongani kwenda chini: utakuta paja nene, goti, kisha mshipa mgumu unaoshuka hadi kisiginoni. Ukishaugusa mshipa ule, hutausahau kwenye karatasi.

Farasi vilevile: “goti” lake la mbele ni kifundo cha mkono, na kwato ni ukucha wa kidole kimoja. Tena hana mtulinga, ule mfupa unaounga bega na kifua, kwa hiyo miguu ya mbele imeshikwa na kiwiliwili kwa misuli tu. Ndiyo maana bega huteleza juu ya mbavu anapotembea. Ukilichora limegandamana, atakuwa meza.

Mchoraji Mwingereza George Stubbs alikaa takriban miezi 18 akichuna na kupasua mizoga ya farasi, tabaka kwa tabaka hadi mfupani, kisha akachapisha michoro hiyo mwaka 1766. Si lazima ufike huko, ila farasi wake wanasimama kweli. Mbio ni jambo jingine. Wachoraji wa zamani walizoea kumnyoosha farasi hewani, miguu miwili mbele na miwili nyuma. Picha za mpiga picha Eadweard Muybridge za mwaka 1878, Marekani, zilionyesha kwamba kwato zote zinapoacha ardhi, miguu huwa imekusanyika chini ya tumbo.

Nachora manyoya moja moja kwa saa nyingi, lakini sungura anageuka fagio.

Umeanza na manyoya kabla ya mwili. Weka kwanza kivuli cha umbo zima kwa penseli ya HB, iliyo ngumu kuliko 2B, bila unyoya hata mmoja, mpaka aonekane mviringo. Kisha chora vishale vyepesi vya mwelekeo: manyoya huanza puani, hupanda usoni, hugawanyika kuzunguka macho, hushuka shingoni. Sasa ingia na 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, lakini mahali panapopinda au kukutana na kivuli tu: chini ya kidevu, nyuma ya sikio, mkunjo wa paja. Mgongo unaopigwa na mwanga karibu uuache mtupu. Mistari ipishane urefu. Ikilingana ndipo fagio linapozaliwa.

Mtazame sungura aliyechorwa na Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1502. Rangi za maji zimetandazwa kwanza, ndipo nywele chache zikaongezwa juu yake, nyeusi na nyeupe. Ndani ya jicho mna taswira ya dirisha, kama kwenye kioo.

Kutumia picha za kamera ni udanganyifu?

Hapana, ila kamera nayo hudanganya. Ukipiga karibu sana, pua huvimba na masikio hunywea. Rudi nyuma hatua kadhaa ndipo uvute kwa lenzi. Tumia picha tatu au zaidi za mnyama yuleyule. Kutegemea chanzo kimoja kulimponza hata Dürer: mwaka 1515 alichora kifaru asiyewahi kumwona, kwa maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akamvisha ngozi kama deraya na kumwotesha kipembe cha pili mgongoni, karibu na mabega.