Mbona njaa hurudi mapema?

SWALI: Asubuhi nala mkate uliopakwa siagi nyingi, lakini saa nne njaa imesharudi. Niongeze siagi?

JIBU: Hapana, ongeza protini. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4. Na kwa kalori zilezile, protini hushibisha zaidi kwa sababu huchochea utumbo kutoa homoni za shibe, kama GLP-1 na PYY. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, kweli, ila kalori zake hujipenyeza bila mlaji kushtuka. Lenga gramu 20 hadi 30 za protini. Yai moja lina 6 hivi, halitoshi! Kula mawili na kikombe cha maharage yaliyopikwa (gramu 15). Siagi ipake nyembamba. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.