Waliniita mkorofi, kumbe ni tezi

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Mume wake anamwambia amebadilika, watoto wanatawanyika akiingia sebuleni, na yeye mwenyewe hajui hasira zinatoka wapi. Akamalizia: "Dada, naogopa nina roho mbaya." Nikausoma mara tatu, nikalia. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019, nimekaa sakafuni bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani.

Wakati ule nilikuwa nafundisha hisabati sekondari moja ya binafsi, na nilibakiza hatua ndogo kuwa mkuu wa taaluma. Wewe unayenisoma unaijua hali hiyo: una malengo, unaamka saa kumi alfajiri, hutaki kuonekana goigoi. Basi nilipoanza kulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka na nguvu za ajabu, nilimshukuru Mungu. Nilikula sahani mbili za ugali na bado sketi zinanivuka. Wenzangu wakaniuliza natumia dawa gani ya kupunguza mwili, nami nikajisikia vizuri.

Kisha zikaja hasira. Zilianza kwa konda aliyechelewesha chenji, zikahamia kwa mume wangu, zikaishia darasani. Siku moja nilimrushia dasta mwanafunzi wa Kidato cha Pili kwa sababu alicheka. Ilimpata juu ya jicho. Damu ilikuwa kidogo, lakini uso wa yule mtoto sijausahau.

Barua ya kusimamishwa kazi ilisomwa mbele ya walimu wote. Wangeweza kuniita pembeni. Adhabu nilistahili, hilo nalikubali, ila kusomewa tabia yangu hadharani, huku watu niliokunywa nao chai miaka minne wakitazama chini, bado kunaniuma. Nyumbani wifi akasema nina jini. Mama mkwe akanipeleka kuombewa. Maombi siyakatai, mimi ni mtu wa sala. Lakini katika wote walionishika kichwa, hakuna aliyenishika mkono akaona unavyotetemeka.

Aliyeona ni nesi. Nilimpeleka mwanangu kliniki, na kadi ikawa inachezacheza vidoleni mwangu. Akaniambia, "Mama, kaa hapa kidogo." Akahesabu mapigo yangu: 124 kwa dakika, nami nimekaa kitako. Mtu mzima akiwa ametulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100. Akanitazama shingoni, akaniandikia niende hospitali ya mkoa.

Daktari alinichorea kwenye karatasi, na ile karatasi ninayo hadi leo. Chini ya koo kuna tezi yenye umbo la kipepeo, gramu 20 hivi. Ni thairoidi, ile ambayo vitabu vya shule huiita tezi dundumio. Msimamizi wake yuko chini ya ubongo: tezi ya pituitari, kubwa kama punje ya njegere, inayotoa homoni ya TSH kuisukuma thairoidi ifanye kazi. Homoni za thairoidi zikitosha kwenye damu, pituitari hupunguza kusukuma. Kwangu ilikuwa imenyamaza, TSH karibu na sifuri, ila thairoidi haikusimama, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umetengeneza kingamwili zinazoisukuma kana kwamba ni TSH. Ugonjwa huo unaitwa Graves, kwa jina la daktari Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Homoni za thairoidi zikizidi, moyo na mishipa ya fahamu huitikia adrenalini, ile homoni ya kukabili hatari, kupita kiasi. Mtu akikukanyaga kwenye daladala, mwili unajiandaa kama umevamiwa na jambazi. Hasira inafika kwanza, akili inafuata nyuma ikihema. Zikipungua mno, mambo hugeuka: mtu anakuwa mzito, anasinzia, anasikia baridi, na majirani wanamwita mvivu.

Nikapewa propranololi ya kutuliza moyo na kabimazoli ya kuipunguza kasi tezi. Wiki za kwanza sikuona mabadiliko makubwa, maana kabimazoli haiondoi homoni iliyokwisha kutengenezwa. Mwezi wa pili nililala usiku mzima, nikaamka nikasikia ndege nje. Nilikuwa nimesahau kwamba wapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kujihukumu kabla hamjapima. Umepungua bila kujinyima, mikono inatetemeka, joto linakushinda, hedhi imevurugika, huna usingizi na kila mtu anakukera? Kapime TSH. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho, omba rufaa. Hasira zina sababu nyingi na huenda yako ni nyingine, lakini kapime. Na ukianzishiwa kabimazoli, ukapata homa au koo likauma, wahi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa watu wachache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu.

Na ukishapata jibu, usilifanye kichaka cha kujifichia. Homoni zilinipa hasira, ila mkono uliorusha dasta ni wangu. Nilikwenda kwao yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alikuwa ameshaingia Kidato cha Tatu. Mama hakusema mengi, akanikaribisha chai. Leo nina kituo changu cha masomo ya jioni chenye wanafunzi 64, na kijana yule alinitumia matokeo yake ya Kidato cha Nne kabla hata hajampigia shangazi yake.

Dada yangu uliyeniandikia, kesho ukiamka usishuke kitandani kwanza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, tazama saa, hesabu dakika nzima. Kisha nitumie hiyo namba.