Maji yanatuama juu ya kokoto: tuanzie wapi?

Swali: Mhandisi, shule yetu ya bweni ina wanafunzi 300 na haijafikiwa na bomba kuu la majitaka. Tulijengewa mtambo wetu: tanki la kutuamisha, kisha tanki la vyumba ambamo maji hushuka na kupanda, kisha kitanda cha kokoto kilichooteshwa matete. Mwaka wa kwanza maji yalitoka meupe. Sasa yanatuama juu ya kokoto pale yanapoingilia, na yananuka. Fundi anataka tung'oe kokoto zote. Je, ni lazima? Na maji haya yanafaa kumwagilia mboga?

Jibu: Mwalimu, mwambie fundi aweke beleshi chini kwanza. Kitanda kikiziba mwanzoni tu, chanzo kiko huko nyuma: tope linatoroka kwenye matanki na kuja kukwama katikati ya kokoto. Mkibadilisha kokoto leo bila kugusa matanki, zitaziba tena.

Pimeni tope. Chukueni mti mrefu, uzungushieni taulo jeupe upande wa chini, ushusheni polepole hadi sakafu ya tanki la kutuamisha, subirini dakika chache, kisha utoeni taratibu. Weusi unapokomea kwenye taulo ndipo usawa wa tope ulipo. Likishafika theluthi ya kina cha maji, iteni gari la kunyonya. Vaeni glavu, na nawasihi sana: mtu asiinamishe kichwa ndani ya chemba wala kuingia. Gesi ya humo huua kwa pumzi chache.

Kwenye tanki la vyumba, msinyonye tope lote. Bakteria wanaokula uchafu wanaishi humo, na mkiwamaliza mtasubiri miezi kabla mtambo haujarudi katika hali yake.

Halafu angalieni saa za kuoga. Tuseme kila mwanafunzi anatumia lita 60 kwa siku. Jumla ni mita za ujazo 18. Nusu yake ikimwagika ndani ya saa 2 za alfajiri, mtambo unapokea mita za ujazo 4.5 kwa saa. Kama chumba kina eneo la mita 3 za mraba, maji yanapanda kwa mita 1.5 kwa saa. Sisi wasanifu hatupendi yazidi mita 1, kwani yakizidi hapo hubeba tope lililolala chini. Kupanga mabweni yaoge kwa zamu hakuna gharama, na mara nyingi kunatosha. Hakikisheni pia maji ya mvua kutoka mapaa hayaingii humo, na mtego wa mafuta wa jikoni unasafishwa kila wiki.

Hayo yakishakaa sawa, toeni kokoto za mwanzoni tu, zile zilizoziba, zioshwe na kurudishwa. Matete mengine yaacheni.

Kuhusu mboga: weupe wa maji usiwadanganye. Mtambo wa aina hii hupunguza sana uchafu unaooza, lakini vijidudu vingi hupita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka mayai ya minyoo yasizidi 1 kwa lita, na hilo hulioni kwa macho. Mboga za majani, hasa zinazoliwa mbichi, msizimwagilie. Mwagilieni miti na malisho, maji yapite kwenye bomba chini ya matandazo ili yasiguse majani wala mikono ya watoto. Nitrojeni na fosforasi iliyobaki humo ni mbolea. Mkiyaachia kijitoni, mbolea hiyohiyo hulisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni na samaki hufa.

Na tope lililonyonywa lisiende shambani likiwa bichi. Mayai ya minyoo hudumu humo muda mrefu kuliko kwenye maji, kwa hiyo ulizeni dereva wa gari analimwaga wapi kabla hajaondoka.