Aislandi kwa gari: panga siku zako kwa upepo, si kwa kilomita

Siku ya pili ya safari yetu, kwenye maegesho ya maporomoko ya Skógafoss, mdogo wangu alifungua mlango wa gari kwa mkono mmoja, kama anavyofungua akishuka Mwenge kununua maji. Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Uliupokea ule mlango, ukaufungua mpaka mwisho na kupita, bawaba zikapinda. Siku zote zilizobaki haukufunga sawasawa, na gari liliporudishwa tulilipa wenyewe. Bima niliyokata ilikuwa na maneno mengi mazuri, lakini milango iliyoharibiwa na upepo haikuwemo. Imeandikwa wazi kwenye mkataba, nami niliusoma baada ya tukio.

Tangu tumerudi Dar, kila mtu ananiuliza kuhusu baridi. Baridi inavumilika. Tulikwenda mwishoni mwa Septemba, na aliyewahi kulala Makete mwezi wa Julai ameshaonja hali ya namna ile. Kitu ambacho mtu wa Dar hakijui ni upepo ambao hauna mti wa kuuzuia. Kusini mwa Aislandi unaendesha kilomita nyingi kwenye mchanga mweusi, kushoto mlima, kulia bahari, na katikati hakuna kitu chochote isipokuwa gari lako.

Nilipaswa kulijua hili. Baba yangu mdogo alikuwa nahodha wa mashua Kunduchi. Alfajiri alikuwa anasimama ufukweni, anatazama maji na mawingu, na kama hakuridhika aliivuta mashua juu akashinda siku nzima anashona nyavu. Hakuna mteja wala deni lililomtoa. Kumbe hivyo ndivyo inavyotakiwa kusafiri kule. Mimi nilikwenda na ratiba yenye kilomita za kila siku na hoteli zilizolipiwa ambazo hazirudishi pesa, ndiyo maana siku ya kwanza niliendesha hali ambayo hata wenyeji wa huko walikuwa wamekaa ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha gari kila asubuhi, fungua vedur.is uone hali ya hewa, kisha umferdin.is uone barabara zipi zimefungwa. Upepo wanaupima kwa mita kwa sekunde, na hapo wengi tunadanganyika, maana 15 inaonekana namba ndogo. Zidisha mara 3.6 upate kilomita kwa saa: mita 15 ni kilomita 54, mita 20 ni kilomita 72. Mimi sasa ikifika 15 sitoki na gari refu kama vani, na ikifika 20 sitoki na gari lolote. Ukiegesha, elekeza pua ya gari upepo unakotoka, na kila mlango ufunguliwe kwa mikono miwili, mtu mmoja baada ya mwingine. Bima ya mchanga na majivu chukua, kwa sababu upepo ukiubeba ule mchanga unakwangua rangi na vioo.

Barabara namba 1 inayozunguka nchi ina urefu wa kilomita zipatazo 1,320, na watu wanataka kuimaliza yote kwa siku tano. Sikushauri. Kwa siku tano au sita, nenda pwani ya kusini mpaka ziwa la Jökulsárlón, kama kilomita 370 kutoka Reykjavík, kisha rudi njia ile ile, ukiwa na siku mbili tupu za kusubiri upepo utulie. Na hoteli, chagua zinazokubali kubadilisha tarehe, hata zikiwa ghali kidogo.

Kuendesha kwenyewe kunazoeleka. Usukani uko kushoto na unapita kulia. Mwendo ni 90 kwenye lami, 80 kwenye changarawe, taa zinawashwa mchana na usiku. Madaraja mengi ya kusini yanapitisha gari moja, na aliyefika kwanza anapita kwanza. Kilichonisumbua ni kipilefti chenye njia mbili: aliye njia ya ndani ndiye mwenye haki ya kutoka, wewe wa nje unamsubiri. Petroli mara nyingi unajiwekea mwenyewe kwa kadi yenye namba ya siri, kwa hiyo jaribu kadi yako mapema, na tenki likifika nusu, jaza.

Nguo usinunue huko, bei zake zinaumiza. Nenda Karume asubuhi mapema. Makoti mazito ya mitumba na masweta ya sufu Dar hayana wa kuyagombea, kwa hiyo unayapata kwa bei ya huruma. Ila koti la juu na suruali ya juu visipitishe maji kabisa. Hapo lipia kitu kizuri. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Pale Seljalandsfoss, maji yanaanguka mita 60 na kuna njia ya kupita nyuma yake. Maporomoko yetu ya Kalambo ni marefu zaidi ya mara tatu, lakini Kalambo haikufuati. Kule upepo unayageuza maji pembeni, unatoka umelowa mpaka shingoni, na jinzi iliyolowa kwenye upepo ule haikauki siku nzima.

Viza ni ya Schengen, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Chupa ya chai bebeni.

Kwenye ufukwe wa Reynisfjara usiyape mgongo mawimbi. Sisi wa pwani tunajidai tunaijua bahari, lakini mawimbi ya pale yanakuja madogo mara kumi, kisha linakuja moja linalopanda ufukwe mzima, na watu wamekufa.

Siku ya tatu barabara ilifungwa tukiwa Vík. Tulishinda ndani, mdogo wangu ananuna, mimi nafua soksi. Kesho yake kulikuwa shwari. Tulivuka tambarare ya Skeiðarársandur, ambako mwaka 1996 mafuriko yaliyotoka chini ya barafu, baada ya volkano kulipuka, yalibeba daraja. Vyuma vilivyopinda bado vimewekwa kando ya barabara. Juu yake ni Vatnajökull, barafu inayofunika takriban asilimia 8 ya nchi.

Jökulsárlón tulifika saa tisa alasiri. Ziwa hilo lilianza kujikusanya miaka ya 1930, mto wa barafu uliokuwa pale uliporudi nyuma, na leo kina chake kinapita mita 200. Vipande vya barafu, vingine vikubwa kama daladala, vilikuwa vinaelea polepole kuelekea baharini, vikigongana kwa mlio mdogo wa vikombe. Nilimpigia baba mdogo kwa video. Nikamwonyesha ile barafu, ya bluu, ikipita mbele yetu.

Alitazama kidogo. "Geuza simu juu, mwanangu," akasema. "Nione mawingu."